Linki 23, mdomo mmoja

Wiki tatu sasa jioni zangu zote zinaishia kwenye ukurasa mmoja wa Wikipedia, wasifu wa mjasiriamali mmoja wa teknolojia, mtu yuko hai na kampuni yake ipo inafanya kazi, na jina lake sitalitaja maana nilichokikuta kwake nimeshakikuta kwa wengine wa aina yake na sitaki yeye peke yake ndo abebe lawama. Ilianza na ujumbe wa kaka mmoja tunayehariri naye. "Dada, hebu upitie ule ukurasa, una linki 23 za vyanzo ila kuna kitu hakijakaa sawa, mimi macho yamechoka." Nikamjibu sawa kaka, leo leo. Na kwa kweli ukiutazama kwa mbali ulikuwa unapendeza, aya sita, kila sentensi ina kinamba chake cha bluu pembeni, tuzo zipo, mtaji upo, umri alioanzia kazi upo. Ukurasa wa namna hiyo mtu anausoma anaondoka ameridhika kabisa.

Nikafungua linki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kufika ya tano nikasimama nikarudi ya kwanza, kwa sababu kuna sentensi nilikuwa nimeshaisoma. Yaani ile ile, neno kwa neno, na ndani yake jina la mfuko wa uwekezaji limeandikwa na herufi moja imepungua. Nikaangalia ya pili, herufi ile ile haipo. Ya tatu, haipo. Basi nikalichukua lile jina lililokosewa nikaliweka kwenye alama za kunukuu nikalitafuta kama lilivyo, na hapo mambo yakafunguka, saiti saba tofauti zenye majina saba tofauti zote zimeangusha herufi moja mahali pamoja. Watu saba hawawezi kuteleza hivo. Na chini kabisa ya matokeo ikatokea mama yao, taarifa kwa vyombo vya habari iliyotolewa na kampuni yenyewe, tarehe yake ni ya siku moja kabla ya zile nyingine zote, mwishoni ina jina la mtu wa mawasiliano wa kampuni, na herufi ndo ilipoangukia humo.

Nikafunga kompyuta nikachukua daftari la kawaida. Nimezoea hivo, kichwa changu kinafikiri vizuri nikiwa na kalamu. Nikachora safu nne, ya kwanza sentensi yenyewe, ya pili nani kasema, ya tatu alijuaje, ya nne lini. Safu ya tatu ndo roho ya kazi yote. Wengi tunaishia kwenye "nani kasema", tukiona jina la jarida kubwa tunapumua tunasonga mbele, lakini jarida halikuwepo siku kampuni inaanzishwa chumbani kwa mtu, lazima kuna mtu aliliambia, sasa huyo mtu ni nani na yeye alikuwepo? Ukiuliza alijuaje mara mbili tatu mfululizo unafika kwa mtu wa mwisho, na mara nyingi sana huyo mtu wa mwisho ni mwenye wasifu mwenyewe.

Hesabu ilikuja hivi. Kati ya linki 23, 11 zilitokana na ile taarifa moja ya kampuni, saba zimeikopi nzima na nne zimebadilisha maneno kidogo lakini nukuu ni ile ile. Nne ni mahojiano, yaani anaulizwa yeye anajibu yeye. Mbili ni ukurasa wake wa LinkedIn na saiti ya kampuni yake. Moja ni kanzidata ya makampuni ambayo mtu yeyote akifungua akaunti anajaza. Moja ni makala ya kulipiwa, imevaa nguo za habari ila juu kabisa kwa herufi ndogo za kijivu wameandika kwamba imedhaminiwa. Moja ilikuwa imekufa, ukibofya hamna kitu. Zikabaki tatu. Tatu tu ambazo mwandishi aliinuka akaenda akauliza watu zaidi ya mmoja akaandika kwa jina lake.

Ukitaka kujua ilikuwaje 11 zikatoka kwenye moja, utaratibu wenyewe hauna siri. Kampuni inaandika habari zake yenyewe, inailipa huduma ya usambazaji kama PR Newswire au Business Wire, huduma inaitupa kwa saiti nyingi kwa mpigo, na saiti nyingine zinaipokea kwa mashine bila mtu kuigusa. Hakuna aliyedanganya hapo, taarifa yenyewe inasema wazi inatoka kwa nani. Tatizo linaanza pale mhariri anapokuja kutafuta chanzo, anakutana na zile kopi, anaziona ni magazeti 11 yanayokubaliana. Hata kwenye majarida makubwa uangalie ni nani kaandika. Forbes kwa mfano ina waandishi wa ajira na ina wachangiaji wa nje waliokuwa wanapandisha makala zao kwa uangalizi mdogo sana, ndo maana kwenye Wikipedia ya Kiingereza makala za hao wachangiaji hazipokelewi kama za waandishi wenyewe. Nembo juu ni ile ile, lakini mkono ulioandika ni mwingine.

Sasa mahojiano. Hapa huwa tunabishana sana na wenzangu na naomba nieleweke vizuri. Mtu ni chanzo kizuri kwa mambo yake, alisoma kitabu gani kikamgusa, kwa nini aliacha kazi, anaamini nini, hayo nani mwingine atayajua? Lakini akisema kampuni yake ndo ya kwanza duniani kufanya jambo fulani, au ina wateja wangapi, hapo anaongea kama mwenye duka anayesifia mali yake, inabidi aulizwe mtu mwingine. Theranos, kampuni ya Marekani iliyodai mashine yake inapima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu, ilipita humo humo. Elizabeth Holmes alianzisha kampuni 2003 akiwa na miaka 19, na kwa muda mrefu makala nyingi zilizomwandika zilitegemea maneno yake yeye na ya watu waliokuwa upande wake, mpaka 2014 Forbes wakakadiria utajiri wake kuwa dola bilioni 4.5. Oktoba 2015 John Carreyrou wa gazeti la Wall Street Journal akachapisha habari iliyotoka kwa watu waliofanya kazi ndani, waliokuwa wanaijua mashine yenyewe ya kupima damu na mapungufu yake, na Juni 2016 Forbes hao hao wakashusha makadirio yao mpaka sifuri. Kabla ya hapo wasifu wake mtandaoni ungeweza kuujaza linki 50 za majarida yenye heshima na safu yako ya tatu ingekuwa na jina moja kutoka juu mpaka chini.

Na wala usidhani kwamba mambo madogo ndo yana usalama. Tarehe ya kuzaliwa, nani atakosea tarehe ya kuzaliwa? Jimmy Wales, mwanzilishi mwenza wa Wikipedia yenyewe, amezaliwa 1966 karibu na usiku wa manane wa Agosti 7, lakini cheti chake kimeandikwa Agosti 8, basi kwa miaka tarehe yake imekuwa ikijadiliwa kwenye ensaiklopidia aliyoianzisha. Ukiona vyanzo viwili vinapishana kwa siku moja usikimbilie kusema mmoja mwongo.

Turudi kwa bwana wangu. Sentensi iliyoninyima usingizi ilikuwa ya aya ya pili, kwamba alianzisha kampuni akiwa na miaka 19. Sentensi tamu, ya kijana aliyeuacha ulimwengu ukimtazama. Ila ukurasa huo huo unasema kazaliwa 1986, na nikienda rejista ya makampuni, kampuni imesajiliwa 2008. 2008 utoe 1986 unapata 22, au 21 kama siku yake ya kuzaliwa ilikuwa haijafika. 19 imetoka wapi? Chini kulikuwa na linki ya jarida moja linaloheshimika, nikaifungua, kweli imeandikwa, miaka 19. Alijuaje? Mwandishi hasemi. Hamna "aliniambia", hamna "kwa mujibu wa", imekaa tu kama jambo linalojulikana na kila mtu.

Hapo nikaenda kwenye historia ya ukurasa. Kama hujawahi kuibofya, ni kile kitufe cha juu kinachoonyesha kila badiliko lililowahi kufanyika tangu ukurasa unaanza, nani kafanya, saa ngapi, na unaweza kuchukua matoleo mawili ukayaweka ubavu kwa ubavu, maneno yaliyoongezwa yanang'aa kwa rangi. Nikarudi nyuma, badiliko baada ya badiliko, mpaka nikaikuta siku sentensi ilipozaliwa. Ilikuwa mwezi Machi. Imeingizwa na mtu asiye na akaunti, hakuna linki, hakuna maelezo, badiliko lenyewe moja tu na hakurudi tena. Makala ya jarida imetoka Julai mwaka huo huo. Na Septemba akaja mhariri mwingine, mtu mwema kabisa, akaona sentensi haina chanzo, akatafuta, akakuta jarida, akaibandika linki. Yaani Wikipedia ikaliambia jarida, jarida likairudishia Wikipedia, na kuanzia Septemba ile sentensi ikawa na cheti. Miaka yote hiyo inasomwa, inatafsiriwa kwenda lugha nyingine, programu za kujibu maswali zinaimeza, na chimbuko lake ni mkono mmoja usio na jina.

Nilikaa nikaitazama hiyo skrini muda mrefu. Nilijua jambo hili linatokea, wote tunaohariri tunaijua ile habari ya Ujerumani ya Februari 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg anateuliwa waziri wa uchumi, mtu mwenye msururu mrefu wa majina ya kwanza, mtu mmoja akaingia Wikipedia ya Kijerumani akamwongezea jina moja la uongo, Wilhelm, vyombo vya habari vikalikopi, na wahariri walipotaka kulitoa ikaonyeshwa habari iliyokopi kama ushahidi kwamba jina ni la kweli. Naijua. Lakini kuijua na kuishika kwa mkono wako, ukaona tarehe tatu zimepangana Machi, Julai, Septemba, ni vitu viwili.

Basi sentensi nikaitoa. Na sikuweka 22 mahali pake, ingawa hesabu ninayo. Kusajiliwa na kuanzishwa vinaweza kuwa mambo mawili, labda kweli walianza kazi mapema wakasajili baadaye. Angalia Google, ukiuliza imeanza lini una majibu matatu na yote ni sahihi, anwani ya google.com ilisajiliwa Septemba 15, 1997, kampuni ikasajiliwa Septemba 4, 1998, na wao wenyewe wanasherehekea siku yao ya kuzaliwa Septemba 27. Na kabla ya kusajiliwa, Agosti 1998, mwekezaji Andy Bechtolsheim alishawaandikia waanzilishi hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc., kampuni ambayo kisheria ilikuwa haipo bado. Mhariri anayeandika tu "ilianzishwa 1998" bila kusema ni tukio gani anaacha mlango wazi kwa mwingine kuja kubishana. Nikaandika kilichothibitika tu: kampuni ilisajiliwa 2008. Neno "ilisajiliwa", siyo "ilianzishwa", na linki ya mwandishi aliyelisema hilo.

Mtu ataniuliza, si ungechukua tu rejista ukamaliza? Rejista nazipenda sana. Uingereza wana Companies House, unatafuta bure, unaona kampuni ilisajiliwa lini na nani walikuwa wakurugenzi na lini wakatoka. Marekani kampuni zinazouza hisa kwa umma zinaweka nyaraka zao kwa SEC, tume ya serikali inayosimamia soko la hisa, kwenye mfumo unaoitwa EDGAR, na humo mna wasifu mfupi wa viongozi ulioandikwa chini ya sheria, mtu anafikiri mara mbili kabla ya kudanganya humo. Ila mambo mawili. Kwanza, kwa mtu aliye hai Wikipedia inakataza kuchimba nyaraka za serikali kutoa maisha yake binafsi, tarehe kamili ya kuzaliwa, anapoishi, na nakubaliana na hilo kwa moyo wote, rejista naiangalia ili inionyeshe pa kutafuta lakini anwani ya nyumbani ya mtu haiingii kwenye daftari langu. Pili, nyaraka nazo zinaandikwa na watu. Scott Thompson alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Yahoo kuanzia Januari 2012, na nyaraka ya kampuni iliyokwenda SEC mwaka huo ilisema ana shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta kutoka Stonehill College. Mwekezaji mmoja mwenye hisa nyingi, Third Point ya Daniel Loeb, akauliza chuoni. Shahada ilikuwa ya uhasibu tu, na chuo kilianza kutoa shahada za sayansi ya kompyuta 1983, miaka minne baada ya Thompson kuhitimu. Mei ya mwaka huo huo akaondoka. Sentensi iliyokuwa kwenye nyaraka rasmi ilianguka kwa kuuliza chuo chenyewe, yaani mtu anayejua kwa sababu yeye ndo aliyetoa cheti.

Tangu hapo shahada kwenye wasifu wa wajasiriamali siipiti haraka. "Alisoma" si "alihitimu", na kozi ya wiki mbili kwenye chuo chenye jina kubwa si shahada ya chuo hicho. Kwa bwana wangu hili lilikuwa sawa, shahada anayo, mmoja wa wale waandishi watatu alikuwa ameihakiki na chuo na amesema hivo. Nilifurahi.

Linki iliyokufa ikanichukua jioni nzima, na ndo iliyoleta jambo kubwa kuliko yote. Internet Archive ya Brewster Kahle imekuwa ikihifadhi kurasa za mtandao tangu 1996, na mashine yao ya kutafutia, Wayback Machine, iko wazi kwa kila mtu tangu 2001. Unabandika anwani, unapewa kalenda, siku ambazo ukurasa ulihifadhiwa zina viduara, unabofya kiduara unaona ukurasa ulivyokuwa siku ile. Linki iliyokufa ilikuwa ya saiti ya zamani ya kampuni, ukurasa wa "Kuhusu sisi". Nikabofya 2009. Picha zikaja taratibu, ya kwanza ikafunguka nusu ikasimama, kisha ikaendelea. Picha mbili. Yeye, na dada mmoja aliyesimama pembeni yake, na chini ya kila mmoja maneno yale yale, mwanzilishi mwenza.

Kwenye wasifu wetu wa aya sita huyu dada hayupo kabisa. Hata kwa jina.

Nikabofya 2011. Picha yake ipo, ila sasa imeandikwa "timu ya mwanzo". 2013, haipo. Imebaki picha moja na neno moja, mwanzilishi. Siwezi kuwaambia nilivyojisikia, nilikuwa nahesabu linki kumbe kuna mtu amefutwa, na kila aliyekopi ile taarifa ya kampuni amesaidia kumfuta bila kujua.

Lakini hasira si chanzo. Rejista ilimtaja kama mkurugenzi tangu siku ya kwanza, sawa, ila mkurugenzi na mwanzilishi ni maneno tofauti na siwezi kulichukua moja nikaliita jingine. Ukurasa wa 2009 ni maneno ya kampuni yenyewe, na ya leo nayo ni maneno ya kampuni yenyewe, nani ananipa ruhusa ya kuchagua? Nani ni mwanzilishi ni swali ambalo watu wanalipelekana mahakamani. Tesla ilisajiliwa Julai 2003 na Martin Eberhard na Marc Tarpenning, Elon Musk akaingia Februari 2004 akiongoza uwekezaji wa kwanza mkubwa, dola milioni 6.5 kati ya 7.5 zikiwa zake, 2009 Eberhard akaenda mahakamani, na walipopatana ikakubalika kwamba watu watano wanaweza kujiita waanzilishi wenza, hao watatu pamoja na Ian Wright na JB Straubel. Ukiandika orodha ya waanzilishi wa Tesla bila kueleza hayo umeandika matokeo ya mapatano ukayaita historia. Ndo maana nilitaka mtu wa nje, aliyekuwepo, aliyeandika wakati ule ule, kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kubadilisha.

Na alikuwepo. Namba 17. Kati ya zile linki tatu nzuri, moja ilikuwa ya mwandishi aliyekwenda ofisini kwao 2010, akakaa nao, akawahoji wote wawili, akaeleza nani aliandika programu ya kwanza na nani alitafuta wateja. Programu ya kwanza aliiandika dada. Makala hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wetu miaka yote, imebandikwa mwishoni mwa sentensi ya kiasi cha mtaji, mtu aliifungua akachukua tarakimu moja akaondoka. Ushahidi ulikuwa ndani ya nyumba. Nikimkumbuka huyo mwandishi, aliyechukua nauli yake akaenda akauliza watu wawili badala ya mmoja, natamani nimshukuru ana kwa ana.

Stori za mwanzo wa kampuni ziangalieni kwa jicho hilo hilo, hasa zile zinazokaa vizuri mdomoni. Ya eBay, soko la mnada la mtandaoni, wengi tunaijua, kwamba Pierre Omidyar aliitengeneza ili mchumba wake abadilishane vikasha vya peremende vya Pez na wenzake. Ilisimuliwa sana, ikachapishwa sana. Ilitungwa 1997 na mtu wa mawasiliano wa kampuni aliyeona waandishi hawavutiwi na maelezo ya kawaida ya soko la mnada, na ukweli ukatoka kitabuni 2002. Saiti ilifunguliwa Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb, na kitu kinachotajwa kuwa cha kwanza kuuzwa ni kitochi cha leza kilichoharibika, dola 14.83. Mimi binafsi kitochi kibovu kinanipendeza zaidi, kuna mtu aliambiwa kabisa kimeharibika akasema nakitaka hivo hivo.

Siku nne baada ya kuweka jina la dada kwenye aya ya kwanza ikaja barua pepe. Lugha safi, "Ndugu mhariri, shikamoo na pole kwa kazi", kutoka kwa mtu wa mawasiliano wa kampuni, anaomba nirudishe miaka 19 na niondoe jina lile kwa sababu "linawachanganya wasomaji". Nilimjibu kwa heshima, nikamweleza kwamba tangu 2014 masharti ya Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, yanamtaka mtu anayelipwa kuhariri aseme wazi analipwa na nani, kwamba ukurasa wa majadiliano uko wazi kwake kama kwa mtu mwingine yeyote, na akiwa na ushahidi wa miaka 19 aulete, nitauweka mwenyewe. Nikamuuliza swali moja tu, hiyo 19 mlijuaje? Akanijibu kesho yake asubuhi, "Ndivyo ilivyo kwenye taarifa zetu zote, na pia Wikipedia ilikuwa imeandika."

Sikumlaumu. Naamini kabisa alikuwa anasema kweli, ameajiriwa akaikuta, bosi wake huenda ameirudia mara nyingi mpaka naye anaiamini. Na mimi pia nina wajibu kwake yule bwana, ni mtu aliye hai, sitaki aonewe. Kila nikishika wasifu wa mtu hai namkumbuka John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani ambaye 2005 wasifu wake kwenye Wikipedia ulikaa miezi minne ukimhusisha kwa uongo na mauaji ya akina Kennedy, rais na mdogo wake, mzee wa watu anakuja kuambiwa na wengine. Baada ya pale sheria za watu walio hai zikakazwa, na zimekazwa kwa sababu. Kwa hiyo kwenye ukurasa wetu hakuna neno "alidanganya", hakuna "alimfuta mwenzake". Kuna nani alifanya nini, mwaka gani, na nani aliyeona. Kaka yangu akapitia baada yangu, akabadilisha vitenzi viwili nilivyoviandika kwa moto kidogo, na alikuwa na haki.

Ukurasa sasa una aya nne badala ya sita na linki tisa badala ya 23. Ukurasa wa 2009 nimeuwekea anwani ya hifadhi badala ya ile iliyokufa, makala namba 17 nayo nimeihifadhi kwenye hifadhi hiyo hiyo maana saiti ya lile gazeti inaonekana inabadilishwa, na sasa imekuwa namba 2. Kwenye majadiliano nimeweka daftari lote nililolichapa upya, safu nne, ili atakayekuja aone nimepita wapi na anikosoe pale nilipokosea.

Bado sentensi ya tuzo. Imeandikwa alipata tuzo ya mjasiriamali bora, na nimeanza kuona kwamba waliotoa tuzo wanatoza ada ya kushiriki. Kesho jioni naanza nayo.